Chasisi nne kwa waya mmoja: mnyororo unafaa, kitanzi ndicho kilichokuangusha

Swali: Nina chasisi 4 za urefu wa 2U kwenye raki moja. Kila moja ina seva 4 na moduli ndogo ya usimamizi mgongoni yenye poti mbili za mtandao. Swichi ya mtandao wa usimamizi imebakiwa na poti mbili tu. Nilianza kuziunga chasisi moja kwa nyingine. Nilipochomeka ya pili, poti ya swichi ikajizima yenyewe. Nikafuta mipangilio yote ya ulinzi kwenye poti hiyo, na mnyororo ukafanya kazi vizuri hadi chasisi ya nne. Kisha nikatoa waya kwenye chasisi ya mwisho nikaurudisha kwenye poti ya pili ya swichi, ambayo niliipa mipangilio ile ile, ili upande mmoja ukikatika mwingine ubaki. Ndani ya sekunde chache nilipoteza usimamizi wa seva zote, hata zile za raki jirani. Huduma za seva zenyewe hazikuguswa. Kosa liko wapi, na njia ya akiba niipateje?

Jibu:

Kosa ni ule waya wa kurudi. Hadi chasisi ya nne ulikuwa sawa kabisa. Kuunga chasisi kwa mnyororo ni jambo ambalo moduli hizi zilitengenezwa kulifanya. Ulipoufunga mnyororo kwenye swichi uligeuka kitanzi, na kitanzi cha Etheneti kisicho na wa kukivunja hula mtandao mzima kabla hujaachia kebo mkononi. Lakini kuna kosa lililotangulia ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linanitia wasiwasi zaidi: poti ilikuambia jambo kwa kujizima, nawe ukainyamazisha bila kusoma ilichokuwa inasema. Nitayachukua yote mawili, kwa sababu hilo lililotangulia ndilo lililoufungulia mlango kitanzi.

Tuanze na kitu chenyewe. Jina "moduli ya usimamizi" linapotosha kidogo, kwani humfanya mtu aidhanie kuwa kompyuta ndogo inayosimamia chasisi. Katika chasisi za aina yako, sehemu inayokuhusu ndani ya moduli ni swichi ndogo ya Etheneti. Upande wa ndani imeunganishwa na kidhibiti cha kila seva, yaani ile BMC ya kuiwasha, kuizima na kuitazama seva kwa mbali, ambayo HPE huiita iLO na Dell huiita iDRAC. Upande wa nje ina poti mbili unazoziona. Fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, ikiingia kwa poti ya kwanza ikiwa na anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao) ya seva iliyomo humu, inashushwa humu. Kama ni ya kwingine, inatolewa kwa poti ya pili iendelee na safari. Poti hizo mbili hazina tofauti ya kimaumbile kati ya "kuingia" na "kutoka". Wewe ndiye unayeamua, kwa namna unavyochomeka nyaya.

Kwa hiyo ulipounga chasisi 4, kwa macho ya mtandao ulichounga ni swichi 4 zisizo na akili, zikiwa zimebeba BMC 16. Ukilishika hili, mambo mengine yote yanajieleza.

Angalia ile poti iliyojizima. Chasisi ya kwanza ilipita salama. Ya pili ikaizima. Chasisi moja huleta anwani 4 za MAC, mbili huleta 8. Basi karibu nina hakika poti ile ilikuwa na kikomo cha idadi ya anwani za MAC kilichowekwa mahali fulani kati ya 4 na 7, na anwani iliyozidi kikomo ndiyo iliyoizima. Huo si uharibifu, ni swichi kutii amri aliyopewa na mtu aliyeisanidi kabla yako. Kwenye swichi za Cisco, kwa mfano, ulinzi huu ukiwashwa bila maelezo zaidi huruhusu anwani moja tu, na adhabu yake ya kawaida ni kuizima poti. Ulichotakiwa kufanya ni kupandisha kikomo, tuseme hadi 20 au 24: BMC zako 16, nafasi ya vidhibiti vya chasisi kama vina anwani zao wenyewe, na nafasi ya laptopu ya fundi. Wewe ulifuta kila kitu. Humo ndani huenda mlikuwamo pia kile kizuizi kinachoizima poti ya pembeni mara tu inapopokea ujumbe wa STP, itifaki ya swichi ya kugundua vitanzi, na pengine kikomo cha matangazo, yaani fremu zinazotumwa kwa kila kifaa. Kisha ukanakili utupu huo kwenye poti ya pili.

Sasa kitanzi.

Fremu ya Etheneti haina umri. Pakiti ya IP hubeba hesabu inayopungua kwa moja kila inapovuka ruta, ikifika sifuri inatupwa. Fremu haina kitu cha namna hiyo. BMC moja inapouliza "nani mwenye anwani hii?", swali hilo ni tangazo, na swichi hulitoa kwenye poti zote isipokuwa ile lilikotokea. Kwenye mnyororo ulio wazi, tangazo linafika chasisi ya mwisho na kufia pale. Kwenye kitanzi linatoka swichi kwa poti ya kwanza, linapita chasisi zote nne, linarudi kwa poti ya pili, swichi inaliona kama tangazo jipya na kulitoa tena pande zote. Nakala nyingine inazunguka kinyume. Haichukui muda laini ya gigabiti 1 kujaa, na laini hiyo ikijaa fremu ndogo kabisa inabeba karibu fremu milioni 1.488 kwa sekunde.

BMC ni kompyuta dhaifu. Prosesa yake ilichaguliwa kwa kutokula umeme, na kila tangazo lazima ilipokee na kulitazama kabla ya kulitupa. Ikimwagiwa mamia ya maelfu kwa sekunde hainyanyui tena kichwa. Hii ndiyo sababu ulipoteza hata raki jirani, ambayo hukuigusa: matangazo hayajui mipaka ya raki, yanajua mipaka ya VLAN, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi. Na ndiyo sababu huduma hazikuguswa, kwa kuwa zinapita kwenye kadi nyingine za mtandao na swichi nyingine. Aliyeutenga mtandao wa usimamizi kwenu alikufanyia wema mkubwa. Bila hivyo, siku ile ungekuwa na kesi nzito zaidi ya hii.

Utaniuliza, na STP ilikuwa wapi? Swali la haki. Itifaki hii, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa Digital Equipment Corporation, kazi yake ni hii tu: kugundua njia mbili za kufika mahali pamoja na kuifunga moja. Swichi hutuma ujumbe wa STP kwenye poti zake. Ujumbe wake mwenyewe ukimrudia kwa mlango mwingine, anajua kuna kitanzi. Tatizo ni kwamba ujumbe huo hutumwa kwa anwani maalumu, 01:80:C2:00:00:00, na kiwango cha IEEE kinasema swichi isipitishe fremu za anwani hiyo kama fremu za kawaida. Swichi yenye STP huzipokea na kuzifanyia kazi. Swichi isiyo na STP ina tabia mbili: ama hupitisha kila kitu bila kujali, ama hutii nusu ya kanuni, yaani humeza ujumbe bila kuufanyia lolote. Moduli ya namna ya pili ikikaa katikati, swichi yako hutuma ujumbe na haiuoni ukirudi. Inaamini njia ni safi, na kitanzi kinazunguka mbele ya macho yake. Uwezekano mwingine ni kwamba STP ilikuwa imezimwa kwenye poti hizo mbili, ama tangu mwanzo ama kwa mkono wako siku ile. Angalia hilo kwanza, ni jepesi kulithibitisha.

Kwa moduli zinazomeza ujumbe wa STP, kinga inayofaa ni ugunduzi wa kitanzi unaotumia fremu za kawaida za mtengenezaji wa swichi. Swichi za ProCurve zina kitu hicho kwa jina la loop-protect, na swichi nyingi za wengine zina chao. Fremu hizo hazitumii ile anwani iliyotengwa, kwa hiyo hupita kwenye swichi bubu, na zikirudi poti inafungwa. Ongeza na kikomo cha matangazo kwenye poti, kiwe kidogo. Mtandao wa usimamizi wa seva 16 hauna matangazo mengi ya halali.

Hukutaja aina ya chasisi, ila maelezo yako yanafanana sana na HPE Apollo 2000 na moduli yake ya RCM. Kama ndiyo, mwongozo wake unalisema hili waziwazi: poti moja tu ya iLO iende kwenye mtandao, nyingine itumike kwa chasisi inayofuata tu, na kama unatumia poti ya APM (ya kifaa cha HPE cha kusimamia umeme wa raki) iliyo pale pale, usiunge iLO kwenye mtandao huo kwa wakati mmoja. Ukivunja mojawapo unapata kitanzi. Dell nao, kwenye M1000e, waliziandika poti majina tofauti ili mtu asikosee: GB inapanda kwenye mtandao, STK inashuka kwenye chasisi inayofuata, na mnyororo una kikomo cha chasisi 4. Huko pia kuziunga GB na STK kwenye mtandao mmoja kunaleta tufani ile ile ya matangazo. Napenda mtindo huo wa majina. Poti mbili zinazofanana sura ni mtego.

Hapa niweke tahadhari, maana nimeona watu wakichukua ushauri wa chasisi moja na kuupeleka kwenye nyingine. Poti za kuunganisha chasisi hazifanyi kazi moja kila mahali. Kwenye HPE c7000 kuna poti za kupanda na kushuka zinazounga hadi chasisi 7, lakini zinabeba mazungumzo ya vidhibiti vya chasisi wenyewe kwa wenyewe. Kila chasisi bado inahitaji waya wake wa mtandao wa usimamizi. Mtu akitegemea mnyororo huo umfikishie iLO atasubiri sana. HPE Synergy nayo imejengwa kwa pete tangu mwanzo: moduli zake zinatakiwa kufungwa duara, hadi fremu 21, na mfumo wenyewe unahakikisha matangazo hayazunguki. Dell MX7000 inaweza kutambua yenyewe ni poti ipi inapanda na kuzuia kitanzi. Kwa hiyo nikisema "usifunge duara" nasema juu ya moduli zilizo swichi bubu kama zako. Aliyekuambia duara ni salama huenda hakukudanganya. Alikuwa anazungumzia mashine nyingine.

Sasa njia ya akiba, ambayo ndiyo shida yako halisi.

Una poti mbili za swichi. Zitumie kwa minyororo miwili mifupi badala ya mmoja wenye ncha mbili: poti ya kwanza iende chasisi A kisha B, poti ya pili iende chasisi C kisha D, na ncha za B na D zibaki wazi. Hupati njia ya akiba kwa maana kamili, lakini kebo moja ikikatika unapoteza usimamizi wa seva 8 kwa ubaya kabisa, si 16, na hakuna chasisi inayotegemea zaidi ya jirani mmoja. Kamba hukatikia pabovu. Fanya kila kamba iwe fupi. Mimi ningeanzia hapa na huenda ningeishia hapa.

Ukitaka kweli chasisi ya mwisho ifikike hata jirani yake akifa, baki na mnyororo mmoja wa A hadi D, weka waya wa akiba kutoka D hadi poti ya pili ya swichi, ila poti hiyo uizime kwa amri. Waya upo, umechomekwa pande zote, lakini haupitishi chochote. Siku chasisi B ikiharibika katikati ya mnyororo wa A hadi D, unaiwasha poti hiyo kwa mkono na unazifikia C na D kwa nyuma. Halafu kuna sehemu ambayo watu husahau: kabla ya kuirudisha B kwenye umeme, izime tena poti ya akiba. Usipofanya hivyo, moduli ya B ikiamka tu mnyororo unaunganika, na kitanzi kinajifunga chenyewe bila mtu kugusa waya. Ikiwa fundi wa zamu ya usiku hajui habari hii, usiweke waya huo kabisa.

Nasema hivi kwa uzoefu. Mahali fulani nilipofanya kazi tuliacha kebo ya akiba ikining'inia nyuma ya raki, upande mmoja umechomekwa, upande mwingine huru, bila lebo. Mwenzetu alikuja kupanga nyaya, akaona kebo yatima, akaona poti tupu kwenye swichi, akavioanisha. Hakuna wa kumlaumu. Raki ilimwambia afanye hivyo. Tangu siku ile poti ya mwisho ya mnyororo naiziba kwa kifuniko cha plastiki na lebo, "mwisho wa mnyororo, usichomeke", na poti ya swichi isiyotumika iko katika hali ya kuzimwa.

Njia ya tatu ni kuacha mnyororo. Swichi ndogo inayosimamika ya poti 8 juu ya raki inampa kila chasisi waya wake, na hesabu ya kosa moja inakuwa rahisi. Mnyororo una maana pale poti zinapokuwa haba kweli au nyaya zimejaa mno. Kama tatizo ni poti mbili au tatu tu, mara nyingi swichi hiyo ni nafuu kuliko usiku mmoja wa kutafuta kitanzi.

Mambo machache ya uendeshaji, kwa kuwa utabaki na mnyororo wa namna fulani. Kuzima seva kwa kitufe hakukati mnyororo, kwa sababu moduli hupata umeme wa kusubiri hata seva zikiwa zimelala. Kuchomoa nyaya zote za umeme za chasisi ndiko kunakokata, na kila aliye nyuma yake anatoweka. Basi chasisi unayoifungua mara kwa mara iweke mwishoni, na ile tulivu iwe ya kwanza karibu na swichi. Ukisasisha programu dhibiti ya moduli, anza na ya mwisho ukirudi kuelekea swichi. Ukianza na ya kwanza, inaweza kujiwasha upya wakati bado unapakia faili kwenda ya nyuma yake, na faili lililokatikia katikati ya kuandikwa ni balaa lingine.

Kasi nayo isikushangaze. Seva 16 zinagawana laini moja. Ukitaka kusakinisha mfumo kwa diski pepe kupitia BMC, faili la GB 5 kwa seva zote kwa pamoja ni GB 80. Kwenye gigabiti 1 hiyo ni dakika 11 au 12 kwa hesabu ya karatasi, na kiungo kimoja katika mnyororo kikishuka hadi megabiti 100 inakaribia saa 2. BMC zenyewe huwa polepole zaidi ya hapo. Kwa kazi ya namna hiyo tumia mtandao wa data na uiachie BMC kuwasha, kuzima na kutazama.

Anwani za IP hazibadiliki kwa mnyororo. Kila BMC inabaki na yake, na zote zinakaa kwenye VLAN moja kwa kuwa moduli bubu haiwezi kuzitenganisha. Mtandao wa /27 wenye anwani 30 zinazotumika unakutosha. Kumbuka tu kwamba ncha iliyo wazi ya mnyororo ni mlango wa kuingilia mtandao wa usimamizi, na IPMI 2.0, itifaki ya zamani ya kusimamia seva kwa mbali, ina udhaifu unaojulikana wa kumpa mwombaji alama ya siri ya nywila (hash) kabla hajathibitishwa. Kama huitumii IPMI kupitia mtandao, izime kwenye kila BMC na utumie Redfish, kiwango kipya zaidi cha kazi hiyo hiyo.

Ukimaliza kuunga, usiridhike na taa za kijani. Fungua jedwali la anwani za MAC kwenye swichi: kwa minyororo miwili ninayokushauri, kila poti ionyeshe BMC 8, na anwani moja isionekane ikirukaruka kati ya poti mbili. Kisha chomoa kebo kati ya A na B huku ukizipigia ping zote. Zinazotakiwa kupotea ni 4 za B peke yake. Zikipotea zaidi, mchoro wako na nyaya zako havielewani. Kama hakuna inayopotea, kuna waya mahali fulani unaopaswa kuutafuta kabla ya kurudisha huo ulio mkononi. Na kabla ya jaribio hilo, rudisha ulinzi wa poti zote mbili: kikomo cha MAC kilichopandishwa, kizuizi cha STP, ugunduzi wa kitanzi na kikomo cha matangazo.